Dramu za umeme na kompyuta: kwa nini umerekodi kimya

Wasikilizaji wetu wanaopiga muziki kwenye kwaya na bendi za vijana hutuuliza swali moja kwa namna nyingi. Tumechomeka dramu za umeme kwenye kompyuta kwa waya wa USB, tumebonyeza kitufe cha kurekodi, mpigaji amepiga wimbo mzima, na tulipocheza tukasikia kimya. Je, dramu zimeharibika? Kompyuta ni mbovu? Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Waya ule haukubeba sauti hata kidogo, kwa sababu kwenye dramu nyingi za bei nafuu haukuwekwa kwa kazi hiyo.

Jambo hili likieleweka, mengine yanafuata kwa urahisi, na kwaya ya Mabamba haitalazimika kukodi gari hadi mjini kwa ajili ya kurekodi dramu peke yake. Kwa hiyo tuanze na waya.

Waya unabeba nini

Chini ya kila pedi ya dramu za umeme kuna kisahani chembamba kinachotoa umeme kidogo sana kinapotikiswa. Ni kanuni ileile ya kiberiti cha jiko la gesi, kile unachokibonyeza kikatoa cheche bila betri. Fimbo inapogonga pedi, umeme huo mdogo unapita kwenye waya hadi kwenye kisanduku chenye vitufe na taa. Kisanduku hicho tutakiita ubongo. Ubongo unapima pigo lilikuwa na nguvu kiasi gani, unachagua sauti iliyohifadhiwa ndani yake, ya snea au ya toazi, na kuitoa. Pedi yenyewe haina sauti ya maana. Mtu aliyesimama pembeni bila spika anasikia tu mpira ukigongwa.

Ubongo unatoa vitu viwili tofauti kwa njia mbili tofauti. Kwanza inatoka sauti kamili, kupitia tundu la hedifoni na yale matundu makubwa ya nyuma yaliyoandikwa OUTPUT, kwa kawaida moja L/MONO na jingine R. Pili inatoka taarifa ya mapigo, inayoitwa MIDI, kupitia USB au kupitia tundu la duara lenye pini 5. Taarifa hiyo inasema hivi: imegongwa pedi namba fulani, kwa nguvu fulani kati ya 1 na 127, sasa hivi. Basi. Hakuna sauti ndani yake.

Mwalimu wa kwaya ataelewa upesi. Karatasi ya nota haiimbi. Imeandikwa d, r, m na mistari ya mapigo, lakini kanisa halitasikia chochote mpaka sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne zisimame na kuisoma. MIDI ni karatasi ya nota. Kompyuta iliyopokea karatasi hiyo bila kupewa mwimbaji itakaa kimya, na ndicho kilichowapata waliotuuliza.

Lugha hii ya MIDI ilitokea mwaka 1983. Mmarekani Dave Smith na Mjapani Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa kampuni ya Roland, waliongoza jitihada za kuyafanya makampuni ya vinanda yaliyokuwa yakishindana yakubali lugha moja. Januari mwaka huo vinanda viwili vya makampuni tofauti viliunganishwa kwenye maonyesho ya biashara ya muziki Marekani, ukibonyeza hiki na kile kinalia. Mwaka 2013 wawili hao walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi. Sisi tunaona walistahili, maana hata leo kinanda cha miaka ya themanini kinaweza kuzungumza na kompyuta iliyonunuliwa juzi, jambo ambalo chaja za simu zimeshindwa.

Uliza kabla ya kununua

Si dramu zote ziko sawa. Alesis Nitro Mesh, kwa mfano, hutuma MIDI peke yake kwa USB. Ukitaka sauti yake lazima uitoe kwa matundu ya OUTPUT. Roland TD-17 hutuma vyote viwili, sauti na MIDI, kwa waya uleule mmoja. Tofauti hiyo inaonekana kwenye bei. Kwa hiyo unapokwenda dukani, au unaponunua kwa mtu, usiulize tu "ina USB?" kwa sababu karibu zote zinayo. Uliza: "USB yake inatoa sauti, au MIDI tu?" Muuzaji asipojua, tafuta jina na namba ya modeli kwenye simu na usome maelezo ya mtengenezaji mwenyewe.

Kama dramu tayari unazo, kuna jaribio rahisi. Zichomeke kwa USB, fungua programu ya Audacity ambayo ni ya bure, na uangalie orodha ya vifaa vya kurekodia. Jina la dramu zako likiwemo, sauti inapita. Lisipokuwemo, ama USB yako ni ya MIDI tu, ama mtengenezaji anataka uweke kwanza draiva yake. Kumbuka pia kwamba Audacity hairekodi MIDI, hata ukiisubiri mpaka asubuhi.

Kurekodi sauti yenyewe

Hii ndiyo njia fupi, na kwa kwaya inayoanza tunaipendekeza. Chukua nyaya mbili zenye vichwa vinene vya milimita 6.35, zitoe kwenye OUTPUT L na R, uzipeleke kwenye intafesi ya sauti yenye matundu mawili, nayo iingie kompyuta kwa USB. Kama intafesi ina swichi ya kuchagua aina ya chombo, chagua LINE, usichague maikrofoni. Mpigaji apige kwa nguvu zake zote, si ile nguvu ya majaribio ya upole, nawe ushushe kitufe mpaka kilele kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hakuna fundi atakayeiponya.

Huna intafesi? Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja tu la hedifoni na maikrofoni pamoja. Utahitaji waya wa kugawa, ule ambao kichwa chake kina mikanda mitatu myeusi, na upeleke dramu upande wa maikrofoni. Tundu hilo hupokea upande mmoja tu, si kushoto na kulia, na limetengenezewa sauti ndogo sana, kwa hiyo shusha sauti ya ubongo karibu na chini kabisa halafu upandishe kidogo kidogo. Itafaa kwa mazoezi na kwa kumbukumbu. Kwa albamu, hapana.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba dramu zote zimeingia kwenye mkondo mmoja. Ukigundua kesho kwamba snea imezidi, huwezi kuishusha peke yake.

Faida yake tunaipenda sana. Mvua ikianza juu ya bati, kwaya inayorekodi dramu za kawaida kwa maikrofoni inafunga kazi na kusubiri. Dramu za umeme hazijui kuna mvua. Haziamshi majirani saa nne usiku, na mtoto akilia nje ya dirisha hasikiki kwenye rekodi.

Kurekodi MIDI

Hapa unahitaji programu inayoielewa MIDI. Reaper inajaribiwa bure kwa siku 60 na haihitaji kompyuta kubwa. Wenye kompyuta za Apple wana GarageBand bila malipo. Ndani ya programu hiyo unaweka "mwimbaji" wa ile karatasi ya nota, yaani dramu za programu. MT Power Drum Kit ni mojawapo ya zile za bure. Fungua mkondo mpya, chagua dramu zako kama chanzo cha MIDI, weka dramu za programu juu yake, gonga pedi. Ukisikia sauti kwenye kompyuta, umefika.

Kama ubongo wako ni wa zamani na una tundu la pini 5 tu, nunua waya unaogeuza MIDI kuwa USB. Wengi hukwama hapa kwa sababu ya maandishi: tundu la OUT la ubongo linakwenda kwenye kichwa cha IN cha waya. Kinachotoka huku kinaingia kule. Ila baadhi ya nyaya hizi zimeandikwa kwa kumwelekeza mtumiaji kinyume, hivyo ukisikia kimya geuza kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine.

Tatizo linalofuata ni la kuchekesha kidogo. Unapiga tomu, inalia kengele. Unapiga toazi, inalia snea. Sababu ni namba. Kwa mpangilio uliokubaliwa mwaka 1991, dramu hukaa kwenye chaneli ya 10. Besi ya mguu ni namba 36, snea 38, haihati iliyofungwa 42, iliyo wazi 46, toazi la kishindo 49, na lile la kupigia mfululizo 51. Watengenezaji wengi huanza na namba hizo halafu huongeza zao. Ingia kwenye mipangilio ya ubongo au ya programu ulinganishe pedi moja moja. Kazi hiyo ni ya robo saa, na unaifanya mara moja tu ukiihifadhi. Haihati ndiyo itakayokusumbua zaidi, kwa kuwa pedali yake inatuma namba nyingi za kufungua na kufunga.

Baada ya hapo MIDI inakupa uhuru ambao sauti haikupi. Pigo lililochelewa unalisogeza. Snea iliyozidi unaishusha. Mwezi ujao ukipata dramu za programu zilizo bora, wimbo uleule unalia upya bila mpigaji kuitwa tena kutoka shambani. Lakini tunaonya kuhusu kitufe cha kunyoosha mapigo yote kwa mpigo mmoja. Ukikibonyeza, mpigaji wako mzuri anageuka saa ya ukutani.

Ipo mbinu moja ambayo wengi hawaijui, na haigharimu kitu. Kompyuta inaweza kuirudishia ubongo ile MIDI iliyorekodiwa, na ubongo ukapiga wenyewe kwa sauti zake nzuri bila mtu kushika fimbo. Unaagiza ipigwe besi peke yake huku ukirekodi sauti kupitia OUTPUT, kisha snea peke yake, kisha matoazi. Mwishoni una mikondo iliyotenganishwa kama ya studio kubwa, kwa nyaya mbili tu.

Sauti inayochelewa

Mpigaji akilalamika kwamba anagonga sasa na kusikia baadaye, msikilize. Kompyuta hukusanya sauti kwenye mafungu kabla ya kuitoa, na fungu hilo huitwa bafa. Kwa mwendo wa kawaida wa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1024 inachelewesha kwa milisekunde 23. Sauti husafiri hewani mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ni sawa na kupiga dramu zilizowekwa mita 8 kutoka kwako. Bafa ya 128 inachelewesha kwa milisekunde 3, sawa na mita 1, na hapo hakuna anayelalamika.

Shusha bafa wakati wa kurekodi, ipandishe wakati wa kuchanganya. Kwenye Windows tumia draiva ya intafesi yako, na kama huna intafesi jaribu ASIO4ALL ambayo ni ya bure. Kompyuta dhaifu ikianza kukwaruza kwa bafa ndogo, kuna njia nyingine: mpigaji asisikilize dramu za kompyuta kabisa. Avae hedifoni za ubongo, dramu za programu zizimwe sauti wakati wa kurekodi, na wimbo wa kufuatisha utoke kwenye kompyuta kuingia ubongo kwa tundu la AUX IN au MIX IN. Anachokisikia hakina ucheleweshaji unaohisika, na MIDI inaingia kimyakimya.

Ukiweza, rekodi vyote viwili kwa wakati mmoja, sauti kwa OUTPUT na MIDI kwa USB. Moja ikiharibika, nyingine ipo.

Mwenye simu tu

Simu za Android zimeielewa MIDI tangu toleo la 6 la mwaka 2015. Waya mdogo wa OTG unaunganisha USB ya dramu na simu, na zipo programu za muziki za simu zinazopokea. Simu ya bei ya chini itachelewesha sauti, hivyo tumia ile njia ya kusikiliza kwenye ubongo.

Faida kubwa ya MIDI kwa mtu wa kijijini iko kwenye bando. Dakika moja ya sauti ya WAV ya ubora wa sidii, kushoto na kulia, ni karibu megabaiti 10. Wimbo wa dakika 5 ni megabaiti 50. Dramu za wimbo huohuo zikiwa MIDI ni kilobaiti chache, pengine makumi, ndogo kuliko picha ya harusi. Mpigaji aliyeko Mabamba anaweza kumtumia prodyuza wa Mwanza wimbo mzima kwa salio ambalo lisingetosha kufungua video moja. Kwenye WhatsApp tuma faili kama hati. Ukirekodi dramu kama ujumbe wa sauti, programu itazibana mpaka matoazi yalie kama mchanga kwenye sufuria.

Umeme na radi

Mvumo wa chini usiokoma mara nyingi unatoka kwenye chaja ya laptopu. Ichomoe, rekodi kwa betri, usikie kama umeisha. Ukisha, chomeka dramu na laptopu kwenye soketi moja ya kugawia na ujaribu tena. Kwa wanaotumia sola: bongo nyingi za dramu hutumia adapta ya volti 9 au 12, na kichwa cha adapta kinaweza kuingia vizuri kabisa huku chanya na hasi zimegeuka. Soma mchoro mdogo ulio nyuma ya ubongo, na ulinganishe volti, ampea na ule mchoro wa chanya na hasi. Kichwa kuingia si ushahidi wa chochote. Radi ikianza kuunguruma, chomoa vyote, pamoja na USB.

Ngoma ya kwetu ndani ya pedi

Dramu hizi zinakuja na sauti za Marekani na Japani. Si lazima zibaki hivyo. Rekodi ngoma ya kijijini kwenu, pigo moja moja: katikati ya ngozi, ukingoni, kwa kiganja, kwa fimbo, kwa upole na kwa nguvu. Chagua chumba chenye mikeka na nguo, mbali na bati na majogoo. Kata kila pigo kwa Audacity, uyaweke kwenye programu ya bure ya Sitala, na uipe kila pedi sauti yake. Sasa kijana anapogonga tomu, inaitika ngoma ya Muhambwe.

Tunalitaja hili Mabamba kwa sababu maalumu. Ng'ambo ya mpaka, kwa Kirundi, neno moja ingoma ni ngoma na pia ni ufalme, na mwaka 2014 UNESCO iliuweka mchezo wa ngoma za kifalme za Burundi kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1967, Wafaransa Michel Vuylsteke na Charles Duvelle walirekodi kikundi cha wapigaji nchini Burundi kwa ajili ya Ocora, lebo ya redio ya Ufaransa. Rekodi hiyo ilisafiri. Mwaka 1971 ilitolewa Ulaya chini ya vinanda na gitaa kwa jina Burundi Black, na aliyeandikwa mtunzi alikuwa Mfaransa aliyeongeza hivyo vinanda. Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada Joni Mitchell aliizungusha chini ya wimbo wake The Jungle Line. Dunia iliyajua mapigo. Majina ya waliopiga haikuyajua.

Siku hizi kuchukua pigo la mtu ni rahisi kuliko wakati ule, na faili la MIDI ndilo jepesi kuliko yote kunakiliwa. Kwa hiyo kabla ya kulituma popote, liite jina kamili: wimbo, mpigaji, tarehe. Hifadhi MIDI na WAV pamoja sehemu mbili, kwenye kompyuta na kwenye flashi inayokaa kwa mtu mwingine. Kama sauti za ngoma mlizorekodi ni za mzee fulani, mkubaliane naye mapema, mbele ya shahidi, juu ya matumizi na malipo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda wimbo na rekodi yake, na usajili hufanywa COSOTA. Mdundo wa dramu ukiwa peke yake ni mgumu kuudai, kwa kuwa midundo mingi ni ya watu wote. Rekodi yenu ya mdundo huo ndiyo yenye nguvu. Mkiwa na faili la kwanza lenye tarehe, mna pa kuanzia mzozo ukitokea.

Wimbo ukikamilika na mkitaka upigwe redioni, leteni WAV kwenye flashi, pamoja na karatasi yenye majina ya wote, mpigaji dramu akiwemo.